Safari Yetu ya Regensburg

Mto Danube unazaliwa katika milima ya Ujerumani, unapita katika nchi 10, na mwisho unamwaga maji yake katika Bahari Nyeusi. Urefu wake ni kilometa 2,850 hivi. Sisi watu wa Kongo hatushangai upesi, kwa kuwa mto wetu una kilometa 4,700. Lakini katika Ulaya yote ni Volga peke yake unaoushinda Danube. Katika safari yake mto huo unapanda kwanza upande wa kaskazini, kisha unageuka na kushuka tena. Pale unapogeuka, mto mdogo uitwao Regen unaingia ndani yake, na pale pale umejengwa mji wa Regensburg. Nataka kuwasimulia, watoto wapenzi, siku moja tuliyotembea katika mji huo, sisi watu watano: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka 13, kijana wetu wa miaka 9, na Koko.

Koko ni mama yangu mzazi. Anakaa Bukavu, na alikuja kututembelea Ujerumani kwa miezi mitatu. Kidachi hakukijua, isipokuwa neno moja la kushukuru, nalo alilisema kwa kila mtu, hata kwa mbwa wa jirani. Binti yetu naye anajua Kidachi kama Wadachi wenyewe, lakini Kiswahili anakisema kwa kuchechemea, kama mtu mwenye mwiba mguuni. Basi asubuhi ile nilitoa amri: "Leo wewe utakuwa kinywa cha Koko. Kila maandishi utakayoyaona ukutani, utamsomea kwa Kiswahili." Alikunja uso. Sikumlaumu, kugeuza maneno ni kazi nzito kuliko kupasua kuni.

Tulitoka Nürnberg kwa gari la moshi, safari ya saa moja hivi. Koko alikaa karibu na dirisha. Mashamba yalipita, makubwa, ya kijani na ya manjano, wala hatukuona watu ndani yake. Akauliza: "Wanaolima wako wapi?" Kijana wetu akamwonyesha mashine moja ikitembea mbali sana. "Mtu mmoja tu?" akasema Koko. "Na huyo anaimba na nani?"

Kutoka stesheni ulienda kwa miguu, na mara ukaiona minara miwili ya kanisa kubwa la Askofu, kanisa la Mtakatifu Petro, juu ya mapaa yote. Kila mnara una urefu wa meta 105. Kanisa la zamani liliungua kwa moto mwaka 1273, na baada yake wakaanza hili. Lakini msidhani kwamba walioanza ndio waliomaliza! Ncha za minara zilikamilika mwaka 1869, yaani karibu miaka 600 baadaye. Baba alichonga mawe akafa, mwana akachonga akafa, mjukuu akachonga akafa, na kanisa bado halina ncha. Upande wa kaskazini kuna mnara mwingine wa zamani kuliko hilo kanisa, nao unaitwa Mnara wa Punda. Ndani yake hakuna ngazi, bali njia ya mtelemko inayozunguka kama konokono, na kwa njia hiyo vitu vya ujenzi vilipandishwa juu kwa wanyama. Kijana wetu alilipenda jambo hili kuliko minara yote miwili, na siku nzima aliuliza habari za punda: je, walishukaje?

Ndani mna giza kidogo, kwa sababu vioo vya madirisha ni vya rangi, vyekundu na bluu na kijani, na vingi katika hivyo ni vya karne ya 13 na ya 14. Jua likipiga, sakafu inakuwa kama kitambaa cha siku kuu. Kuna sanamu mbili zinazotazamana, kila moja kwenye nguzo yake: Bikira Maria, na Malaika Gabrieli anayemletea habari. Zilichongwa karibu na mwaka 1280. Na malaika huyo anacheka! Meno yanaonekana, mashavu yamejaa. Koko alisimama mbele yake muda mrefu. Mwisho akasema: "Huyu ameleta habari njema kweli. Wale wa kwetu tuliowachora wana uso wa polisi." Mzee mmoja Mdachi akageuka kututazama, maana sote tulicheka kwa sauti.

Nyuma ya kanisa, katika njia nyembamba, tulifika kwenye mlango wa Warumi. Hapo kale, kabla ya kuwako neno Ujerumani, Warumi walitawala hata ukingo wa Danube, na ng'ambo walikaa makabila waliyoyaogopa. Mwaka 179, wakati wa Kaisari Marko Aurelio, walimaliza kujenga hapa ngome ya askari 6,000 hivi. Waliiita Castra Regina, maana yake kambi ya Regen. Tao moja la mlango wake lipo mpaka leo, limeshikwa ndani ya ukuta wa nyumba za baadaye kama jino la mzee lililobaki peke yake. Mawe yake ni makubwa, mengine yamshinda mtu kwa ukubwa, nayo yamewekwa jiwe juu ya jiwe pasipo chokaa. Binti yetu alisoma kibao, akahesabu kwa vidole, akasema: "Koko, mlango huu una miaka zaidi ya elfu moja na mia nane." Koko akaweka kiganja juu ya jiwe, akauliza kama ni ruhusa kugusa. Alikuwa amekwisha kugusa.

Sasa nifike kwenye daraja, maana daraja ndilo lililotuleta.

Daraja la Mawe la Regensburg lilijengwa kuanzia mwaka 1135 mpaka 1146. Kiangazi cha mwaka 1135 kilikuwa kikali, mvua haikunyesha, na maji ya mto yakapungua sana. Wajenzi wakashika nafasi hiyo. Walizungushia mahali pa kila nguzo ukuta wa miti, wakatoa maji ndani, wakalaza magogo ya mwaloni chini, na juu yake wakajenga nguzo za mawe. Kisha nguzo na nguzo wakaziunganisha kwa matao. Walijenga matao 16. Leo utahesabu 15, kwa kuwa moja limefichwa chini ya majengo ya upande wa mji. Urefu wa daraja unapita meta 300. Kwa miaka 11 tu kazi yote ikaisha, na kwa muda wa miaka karibu 800 mji huu haukuwa na daraja jingine juu ya Danube. Wafanya biashara, wafalme, mikokoteni ya ngano, majeshi yaliyokwenda vita vya msalaba mwaka 1147, wote walipita hapa.

Lakini kila kitu kina bei yake. Ili maji yasile nguzo, wajenzi walizungushia kila nguzo kisiwa kidogo cha mawe na miti, kirefu, chenye ncha kama mtumbwi. Visiwa hivyo vikaubana mto. Maji yasiyopata nafasi yakakimbia kwa nguvu katikati, yakazunguka-zunguka, na mashua nyingi zilipata taabu hapo. Zilizopanda mto zilivutwa kwa kamba. Tuliposimama juu na kuchungulia, tuliona maji yanavyotulia kabla ya daraja na yanavyotoa povu chini yake. Mama watoto alimshika kijana kwa kola ya shati, wala hakumwachilia mpaka ng'ambo. Siku hizi meli kubwa hazipiti hapa. Zimechimbiwa mfereji upande wa kaskazini. Na magari nayo yamekatazwa: tangu mwaka 1997 magari ya watu, na tangu 2008 hata mabasi. Kisha mafundi walilitengeneza daraja zima kwa miaka minane, mpaka 2018. Leo ni la watu wa miguu na wa baisikeli, na ni raha kubwa kutembea juu yake, ukisikia maji tu na viatu vya watu.

Juu ya daraja ameketi mtu mdogo wa jiwe, hana nguo ila kidogo, ameweka mkono juu ya macho kuzuia jua, anatazama upande wa kanisa. Wenyeji wana hadithi yake. Wanasema fundi wa daraja na fundi wa kanisa walishindana nani atamaliza kwanza. Fundi wa daraja alipoona anashindwa, akafanya mapatano na Shetani: amsaidie kazi, naye atampa roho tatu za kwanza zitakazovuka. Daraja likaisha. Shetani akangoja ng'ambo. Yule fundi akamfukuzia jogoo, kuku, na mbwa! Shetani akakasirika, akalisukuma daraja kwa mgongo kutoka chini ili alivunje, na ndiyo maana limepanda kidogo katikati. Kijana wetu alifurahi sana, lakini dada yake akamkatiza: "Si kweli. Baba amesema kanisa lilianza baada ya mwaka 1273, na daraja lilikwisha mwaka 1146." Ni haki yake. Kanisa hili lilikuja nyuma ya daraja kwa miaka zaidi ya 100, na mafundi hao hawakuonana hata mara moja. Koko peke yake hakujali hesabu. Alisema hadithi ya jogoo ni nzuri kuliko tarehe.

Chini ya daraja, kandokando ya mto, kuna kijumba chenye moshi. Hapo wanachoma soseji ndogo juu ya makaa, na wenyeji husema kwamba mahali hapo walikula hata waashi wa zamani. Unapewa soseji sita katika sahani, na kabichi iliyochachushwa, na haradali tamu. Karibu yake ni ghala kubwa la chumvi, lililojengwa tangu 1616 mpaka 1620; paa lake ni refu kuliko kuta zake. Siku hizo chumvi ilikuwa mali, nayo ilipandishwa kwa mashua kutoka milimani, farasi wakivuta ukingoni. Ukuta wa kijumba cha soseji una alama za mafuriko, na mwaka wa kila mafuriko umeandikwa. Mwezi wa Juni mwaka 2013 mto uliingia ndani tena. Watu wakatoa matope, wakawasha makaa, wakaendelea kuuza.

Koko alionja haradali, akaweka kijiko chini. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kichupa cha pilipili aliyoitoa Bukavu. Sijui aliipitishaje kwenye uwanja wa ndege. Alinyunyiza juu ya soseji zake, akatukaribisha, na chakula chetu kikawa chakula. Kabichi ile chachu, lakini, aliisifu, akasema inafanana na kitu cha mama yake, ila hakukumbuka kitu gani.

Baada ya kula tulirudi mjini. Tulipita haraka mbele ya nyumba ya zamani ya baraza, ambamo wajumbe wa wafalme na maaskofu na miji walikaa katika mikutano tangu 1663 hata 1806. Mkutano wa miaka 143! Mama watoto alisema yeye amekwisha kuhudhuria mikutano ya namna hiyo, ya wazazi shuleni.

Katika uwanja wa Neupfarrplatz tulipumzika. Hapo pana mawe meupe yaliyopangwa chini, yenye vijiti vya nguzo na ngazi fupi, na watoto wanakaa juu yake wakila barafu tamu. Binti yetu alisoma, akanyamaza kidogo, akatafuta maneno. Kumbe mawe hayo yanaonyesha mahali pa sinagogi ya Wayahudi. Mwaka 1519 watu wa mji waliwafukuza Wayahudi wote, wakabomoa nyumba zao na nyumba yao ya sala. Fundi Dani Karavan ndiye aliyepanga mawe hayo meupe, mwaka 2005. Wayahudi walirudi baadaye. Sinagogi yao mpya ikachomwa moto mwaka 1938 wakati wa Hitler. Na nyingine imefunguliwa mwaka 2019. Mimi napenda kwamba mji haukuficha jambo hili chini ya maua.

Tukaenda polepole upande wa stesheni, mpaka uwanja uitwao Dachauplatz. Pale ndipo binti yetu alipofanya kazi yake kubwa ya siku ile. Aliona ukumbusho, akaanza kuusoma mwenyewe kwa midomo, bila kuagizwa. Kisha akaniuliza: "Baba, kuna neno silijui. Ni kumpa adui mji pasipo kupigana. Kwa Kiswahili ni nini?"

Nikamwambia: "Ni kusalimisha mji."

Koko akasikia. "Kusalimisha," akasema. "Kuufanya salama."

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Aprili 1945 Hitler alikuwa amekwisha kushindwa, na jeshi la Waamerika lilikuwa karibu na Danube. Mkubwa wa chama cha Hitler katika jimbo lile alitangaza kwamba Regensburg itapiganiwa mpaka jiwe la mwisho. Watu walijua maana yake. Viwanda vya ndege nje ya mji vilikuwa vimepigwa mabomu mwaka 1943, na mamia ya watu walikufa. Lakini mji wa kale wenyewe, na kanisa, na nyumba za zamani, ulikuwa karibu mzima bado. Tarehe 23 Aprili askari wa Kidachi walilipua sehemu za Daraja la Mawe ili Waamerika wasivuke. Daraja lililostahimili barafu na mafuriko kwa miaka 800 lilivunjwa na watu wake wenyewe. Jioni ya siku ile ile watu wengi walikusanyika katika uwanja huu, wengi wao wanawake, wengine na watoto mkononi, kuomba mji utolewe kwa amani. Kati yao alikuwamo Padri Johann Maier, mhubiri wa kanisa kubwa, mtu wa miaka 38. Akasimama kusema nao. Hakutukana, wala hakuwachochea. Alianza kueleza sababu za kuomba mji usalimishwe. Hakumaliza. Walimkamata hapo hapo, wakamhukumu usiku, na asubuhi mapema ya tarehe 24 wakamnyonga katika uwanja ule, pamoja na mzee mmoja, Josef Zirkl. Mzee wa tatu, Michael Lottner, aliyekuwa zamani polisi, alikuwa amekwisha kuuawa, na maiti yake ikalazwa chini yao. Tarehe 27 Aprili Waamerika wakaingia Regensburg. Hakuna aliyepigana. Askari walikuwa wameondoka.

Kijana wetu alihesabu: ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na sita. "Siku tatu tu, Baba. Kwa nini hawakungoja siku tatu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mama watoto alisema jambo jingine: "Padri tunamjua jina. Na wale wanawake waliokuja na watoto wao, nani anajua majina yao?"

Koko hakusema kitu kwanza. Aliketi juu ya benchi, akavua kiatu kimoja, akakivaa tena. Ndipo akaanza kumsimulia binti yetu, kwa Kiswahili cha polepole, habari ambazo mimi mwenyewe nilikuwa sijamsikia akizieleza mbele ya watoto. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Wakubwa wengi walikimbia. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alibaki na watu, akaomba msaada huku na huku kwa ajili ya mji na wakimbizi. Jioni ya tarehe 29 Oktoba askari walimwua njiani, pale Nyawera. Koko alikuwa amejifungia ndani na wadogo zangu, taa imezimwa. Habari ziliwafikia kwa ukuta, jirani kwa jirani, kwa kunong'ona. "Hatukuweza kutoka," akasema. "Alilala barabarani, nasi hatukuweza kutoka."

Binti yetu alimshika mkono. Sikusikia aliloambiwa baadaye, kwa maana walisema kwa sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa hakichechemei sana.

Kwenye stesheni Koko alitoa kijitabu chake cha sala na kalamu. Katika kurasa za mwisho ameandika majina ya marehemu wake anaowaombea, mstari kwa mstari, na tarehe zao. Akamwambia mjukuu: "Niandikie huyo padri. Andika jinsi Wadachi wanavyoandika, nisije nikamwita jina la mtu mwingine." Binti yetu akaandika Johann Maier, 24 Aprili 1945. Koko akamwambia aandike na wale wazee wawili. Kisha akaonyesha jina lililo juu ya ukurasa, la Munzihirwa, ambalo wino wake umefifia, akamwomba alipitie tena kwa kalamu mpya. Mtoto akaandika herufi moja moja, Koko akimtajia, ingawa alikuwa analiona.

Gari letu lilikuwa limekwisha kuingia, na kijana wetu akapiga kelele kwamba milango inafungwa. Tukakimbia sote na vifurushi vyetu, na Koko, aliyesema tangu asubuhi kwamba magoti yanamwuma, akafika kwanza.